Abiria wengi kuliko viti: uchambuzi wa kisa cha makadirio ya treni binafsi ya mikoani

Nilikuwa mmoja wa watu watatu walioombwa kulisoma andiko la mradi huu kabla fedha hazijatoka. Nchi, njia, kampuni na mfuko uliohusika sivitaji. Tarakimu kubwa za andiko na za hesabu yetu nimezigeuza kwa uwiano mmoja, kwa hiyo anayejaribu kuzilinganisha na njia anayoifahamu hatapata kitu, ila mantiki yake iko palepale. Mifano ya nje nimeiacha na majina yake, maana habari zake ziko wazi kwa kila mtu.

Usuli

Mfuko ulikuwa wa uwekezaji wa wanachama: walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa kati, wastaafu wachache. Kampuni changa iliuletea andiko la kuendesha treni ya abiria kati ya jiji la pwani na mji mkubwa wa bara. Reli ilikuwepo tayari, ya zamani, ya geji (upana kati ya vyuma viwili vya reli) ya mita moja, mali ya serikali. Kampuni haikuwa na mpango wa kujenga chochote. Ingekodi vichwa vya treni, inunue mabehewa yaliyokwisha kutumika na kukarabatiwa, ilipe tozo ya kupita relini, na iuze tiketi kwa simu. Treni ya serikali kwenye njia hiyo ilipita mara chache kwa wiki na haikuwa na sifa ya kuwahi. Barabarani, mabasi yalikuwa yakiondoka kutwa nzima na usiku.

Kiasi kilichoombwa kilikaribia theluthi ya fedha ambazo mfuko ulikuwa haujazipangia kazi.

Kuna jambo ambalo halikuandikwa popote lakini lilikuwa chumbani tangu dakika ya kwanza. Watu wanaipenda treni. Wazee wawili kwenye kamati ya mfuko walisoma shule za bweni na walikuwa wakipanda treni hiyohiyo na masanduku yao ya bati, kila muhula. Kikao cha kwanza kilianza na mabishano kuhusu stesheni ipi ilikuwa na wauza maandazi bora, yakachukua dakika kumi nzuri kabla mwenyekiti hajagonga meza. Nalitaja hili kwa sababu linaeleza kwa nini tarakimu mbovu ilivuka mikono mingi bila kuulizwa.

Andiko lilidai nini

Safari 1,200,000 za abiria katika mwaka kamili wa kwanza. Namba hiyo ilipatikana kwa hatua mbili tu. Kwanza, walichukua viti vyote vya mabasi yenye leseni kwenye njia hiyo, wakazidisha kwa safari za kila basi na kwa siku 365, wakapata milioni 4, wakaziita soko. Pili, wakasema treni itachukua asilimia 30 ya soko, kwa kuwa treni nyingine duniani zimechukua kiasi hicho au zaidi.

Kulikuwa na utafiti wa maoni pia. Swali lake kuu lilikuwa hivi: ungependa kusafiri kwa treni ya kisasa, salama na ya haraka? Waliojibu ndiyo walikuwa wengi mno. Hata mimi ningejibu ndiyo. Nauli haikutajwa kwenye swali, wala saa ya kuondoka, wala mtu atafikaje stesheni. Nauli iliyopangwa, tuliyoikuta kurasa nyingi mbele, ilikuwa mara 1.4 ya nauli ya basi.

Jedwali la fedha lilionyesha kuwa mradi unaanza kujilipa kuanzia safari 700,000 kwa mwaka.

Jioni ya kwanza: tulihesabu viti

Mwenzetu aliyewahi kufanya kazi kwenye karakana ya reli hakuanza na abiria kabisa. Alianza na mabehewa. Andiko lilisema zitakuwepo treni mbili, kila moja viti 560, na kila moja itakwenda na kurudi mara moja kwa siku. Hiyo ni safari nne kwa siku, viti 2,240. Zidisha kwa siku 365 bila kupumzika hata siku ya matengenezo: viti 817,600.

Abiria 1,200,000 wangekaa wapi?

Kuna jibu halali la swali hilo. Kiti kimoja kinaweza kuuzwa mara mbili njiani, anayeshuka katikati akampisha anayepanda. Lakini andiko lenyewe lilisema asilimia 80 ya abiria watasafiri mwanzo hadi mwisho. Hao peke yao ni 960,000, na tayari wamezidi viti. Karatasi ya abiria na karatasi ya mabehewa ziliandikwa na watu wawili ambao, inaelekea, hawakuwahi kukaa meza moja.

Tungeweza kusimama hapo na kulirudisha andiko. Hatukufanya hivyo. Tarakimu mbovu haina maana kuwa treni haina abiria. Ina maana kuwa hakuna aliyewahesabu. Tukaomba wiki sita na fedha kidogo za kuwahesabu wenyewe.

Stendi, saa 10 alfajiri

Tulikaa stendi kuu ya mabasi siku nne: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumapili. Mmoja getini na daftari, wawili wakizungumza na wasafiri. Tuliacha kabisa kuuliza mtu angependa nini. Tuliuliza safari aliyo nayo mkononi: umelipa shilingi ngapi, umetoka nyumbani saa ngapi, unashukia wapi, umebeba nini, nani kakulipia.

Kisha tukapanda. Nakumbuka basi la pili nililopanda, abiria 52. Kiti cha mbele yangu alikaa mama mmoja na watoto wawili, mdogo kampakata, mkubwa kabanwa katikati, na wote watatu walikuwa kwenye tiketi mbili baada ya mabishano marefu na konda. Kwenye buti alikuwa na magunia mawili ya dagaa, ndoo ya mafuta ya nazi na godoro lililokunjwa. Nilimuuliza angepanda treni kama ipo. Akanitazama kama mtu anayeulizwa swali la mtihani.

"Mwanangu, mimi nashuka njia panda, siyo mjini. Treni itaniteremsha njia panda?"

Haikuwa inapita karibu na njia panda yake. Alishuka baada ya saa tatu, utingo akamtolea magunia, na bodaboda wawili walikuwa wakimsubiri pembeni ya barabara kwa sababu alishawapigia simu basi lilipopita mizani. Kati ya wale 52 tulioanza nao, 31 tulifika pamoja. Viti vya walioshuka vilijazwa na watu wa safari fupi, kwa hiyo aliyehesabu vichwa mwanzo na mwisho angeapa kwamba basi lilijaa watu wa njia nzima.

Hapo ndipo soko la milioni 4 lilipoanza kupungua. Mabasi yaliyokuwa barabarani kweli yalikuwa kama asilimia 70 ya yenye leseni. Mengine yamekaa gereji au yamehamishiwa njia nyingine. Tukabaki na viti milioni 2.8. Ukijumlisha siku nzuri na mbaya, viti vilijaa kwa asilimia 75 hivi, yaani milioni 2.1. Waliokwenda mwanzo hadi mwisho, ambao treni ingewahudumia bila kubadilisha chochote, walikuwa asilimia 55: milioni 1.15. Ukiwapa wenye andiko asilimia 30 yao bila ubishi, unapata kama 350,000. Ongeza watu ambao hawasafiri leo lakini wangesafiri treni ikiwepo, ukawa mkarimu, unafika 400,000.

Jambo la pili tulilipata kwa saa ya mkononi. Treni ilipangwa kutumia saa 6 na nusu, basi hutumia 8. Faida ya saa moja na nusu ni kubwa. Lakini stesheni ya jiji iko mjini kati, ilipowekwa wakati jiji lenyewe liliishia pale. Watu wamekwisha kuhamia viungani, na stendi ya mabasi ikawafuata huko. Kutoka mtaa mmoja wa viungani tulioupima mara tano, kufika stendi kulichukua dakika 25, na kufika stesheni ya zamani dakika 75 kwa daladala. Weka na dakika 40 za kuwahi geti na ukaguzi wa tiketi. Saa moja na nusu ya faida imekwisha kabla treni haijapiga honi. Na treni ingeondoka saa 12 asubuhi, maana yake mtu wa viungani atoke nyumbani saa 10 alfajiri, wakati daladala bado ni za kubahatisha.

Waliotangulia

Wenye andiko walituambia tutazame mbali zaidi ya stendi. Ilikuwa haki yao, tukatazama.

Mfano walioupenda ulikuwa Madaraka Express ya Kenya, iliyoanza kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Stesheni zake za mwisho, Miritini na Syokimau, ziko nje ya miji, na bado watu walijaa. Ni kweli. Ila nauli ya kuanzia daraja la kawaida ilikuwa shilingi 700 za Kenya, ikapanda hadi 1,000, na ikafika 1,500 mwanzoni mwa 2024. Reli na treni vilinunuliwa kwa mkopo wa serikali ambao hakuna aliyetarajia tiketi peke yake iulipe. Tanzania vilevile: treni ya SGR, yaani ya reli mpya ya geji pana, ilipoanza 2024, nauli ya Dar es Salaam hadi Morogoro ilikuwa shilingi 13,000 za Tanzania na hadi Dodoma 31,000, safari isiyofika saa 4 kwenye njia ambayo basi hula siku nzima. Treni ya namna hiyo itajaa tu. Lakini kujaa na kulipa ni mambo mawili, na kampuni binafsi inaishi kwenye hilo la pili.

Kwa hiyo tulitafuta waliobeba hasara zao wenyewe. Brightline, kampuni binafsi ya treni ya Florida, Marekani, ndiyo iliyofanana zaidi kwa umbali na kwa nia. Ilianza Januari 2018 kwa kipande kifupi cha kusini, ikafika Miami mwaka huohuo, ikafungwa na UVIKO Machi 2020, ikarudi Novemba 2021, na kufika Orlando Septemba 2023, safari ya kama saa 3 na nusu. Mwaka 2019 ilibeba abiria milioni moja hivi, na 2024 zaidi ya milioni 2.7. Mtu akiitazama hiyo chati ataona mstari unaopanda vizuri. Walionunua hatifungani, yaani walioikopesha kampuni kwa riba, waliona kitu kingine, kwa sababu waliahidiwa abiria wengi zaidi ya hao, na mwaka 2025 kampuni ikaanza kuahirisha malipo ya riba ya sehemu ya deni lake. Kuna somo dogo ndani yake ambalo lilinigusa zaidi. Kampuni ilikuwa na pasi (tiketi moja ya safari nyingi) za bei nafuu kwa watu wa kwenda kazini kila siku. Safari ndefu za Orlando zilipohitaji viti, pasi zile zikabanwa, kwani kiti alichokalia mfanyakazi wa safari fupi kilikuwa kinamnyima nafasi mtu wa safari ndefu anayelipa zaidi. Behewa zilikuwa chache, na abiria mmoja akamfukuza mwenzake. Ile hesabu yetu ya jioni ya kwanza, ya viti dhidi ya abiria, ilikuwa inawasumbua hata wao.

Italo, kampuni binafsi ya treni za kasi ya Italia, ilianza Aprili 2012 juu ya reli ya serikali, kama kampuni yetu ilivyotaka. Haikuchukua miaka mitatu ikawa imezama kwenye madeni. Iliokolewa kwa kupanga upya mikopo na kwa kupunguzwa tozo ya kutumia reli, na 2018 ikauzwa kwa mfuko wa Kimarekani kwa karibu yuro bilioni 2. Hii ilitupa swali ambalo andiko halikuwa nalo: tozo ya reli ni kiasi gani, na nani ana mamlaka ya kuipandisha? Andiko lilikuwa na barua ya nia njema. Mkataba haukuwepo.

Treni za Eurostar, ambazo mapato yake yalitegemewa kusaidia kulipa deni la njia ya chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, zilitarajiwa kupata abiria karibu milioni 16 mwanzoni. Mwaka 1995, mwaka kamili wa kwanza, hawakufika milioni 3. Bent Flyvbjerg, mtafiti wa miradi mikubwa, na wenzake walichapisha mwaka 2005 uchunguzi wa miradi 27 ya reli, wakakuta abiria waliojitokeza ni pungufu kwa wastani wa asilimia 51 ya waliotabiriwa. Tulipokata 1,200,000 ya andiko kwa kiasi hicho, bila kujua lolote kuhusu njia yenyewe, tulipata kama 590,000. Hiyo nayo ilikuwa chini ya 700,000 za kujilipa.

Wazee wa kamati hawakuhitaji Ulaya. Walikumbuka reli ya kati ya Tanzania ilivyokodishwa kwa wawekezaji kutoka India mwaka 2007 na kurudi serikalini 2011, na Rift Valley Railways ilivyopewa reli ya Kenya na Uganda 2006 na mkataba ukavunjika 2017, miaka mingi kabla ya muda wake. Mzee mmoja alilisema kwa kifupi: "Kila mara tunaambiwa abiria wapo. Siku zote wapo. Kichwa cha treni ndicho hakipo."

Sikulipa uzito neno hilo siku ile. Nitalirudia.

Mjumbe mwenye mabasi

Mjumbe mmoja wa kamati alikuwa na mabasi matatu kwenye njia ileile. Alilisema mwenyewe kikao cha kwanza na akajitoa kwenye kura, kama kanuni zilivyotaka. Tatizo ni kwamba ndiye pekee chumbani aliyeijua biashara hiyo kwa undani. Mwenyekiti alikata shauri vizuri: atoke wakati wa mjadala na kura, lakini sisi wachambuzi tuzungumze naye kama shahidi, na maneno yake yaandikwe na kusomwa yakiwa na jina lake.

Tulimkuta ofisini kwake, chumba kidogo nyuma ya kaunta ya tiketi, kimejaa maboksi yaliyofungwa kwa gundi na kuandikwa namba za simu kwa kalamu nene.

"Ninyi mnahesabu vichwa," alisema. "Nauli inalipa mafuta, dereva na matairi. Faida yangu iko chini ya kiti, kwenye buti. Vifurushi hivi. Simu ya kupeleka kwa fundi, dawa, spea, nguo za harusi. Siku abiria wako 20 bado naondoka, kwa sababu buti imejaa. Hiyo treni yenu siku abiria wako 20 inaondoka na nini?"

Andiko lilikuwa halina hata senti moja ya mapato ya mizigo. Mabehewa yote yalikuwa ya viti.

Alituambia pia kuwa treni ikianza atashusha nauli kwa miezi mitatu. Alilisema bila kificho, karibu kwa upole. Hatukuliita tishio. Tuliliandika kama takwimu.

Uamuzi na sababu zake

Ripoti yetu ilisema safari 280,000 hadi 420,000 kwa mwaka baada ya mwaka wa tatu, na chini ya hapo kabla. Tulipendekeza mambo matatu, kamati ikayapitisha yote kwa kura, mmoja akipinga.

Fedha zilizoombwa zisitolewe. Sababu ilikuwa moja tu na haikuhitaji ukurasa: hata makadirio yetu ya juu hayakufika kwenye kiwango cha kujilipa.

Badala yake, mfuko utoe sehemu ndogo, kama moja ya nane ya ombi, kwa ajili ya majaribio: treni moja ya kukodi, siku za Ijumaa hadi Jumatatu, kwa mwaka mmoja na nusu. Daftari la stendi lilikuwa limetuonyesha kuwa Ijumaa na Jumapili mabasi yanaacha watu, na kwamba kundi lililo tayari kulipa zaidi (watumishi wanaolipiwa safari, wanafunzi wa vyuo, waliowahi kupata ajali na hawataki tena basi la usiku) linasafiri siku hizo. Kwa nini ulipe treni ya Jumatano kubeba viti vitupu?

Na fedha hizo zisitoke mpaka mkataba wa kutumia reli usainiwe, tozo ikiwa imeandikwa kwa namba.

Aliyepinga alisema tunawaua vijana wenye ndoto. Mwanachama mmoja kwenye mkutano mkuu alikwenda mbali zaidi, akasema tumekula hela za wenye mabasi. Maneno hayo yalitembea miezi kadhaa.

Kilichotokea

Kampuni ilikataa. Baada ya miezi saba ikarudi. Wawekezaji wengine nao walikuwa wamekwisha kuuliza kuhusu viti. Mkataba wa reli ulipatikana, na majaribio yakaanza kwa kuchelewa.

Ijumaa na Jumapili treni ilijaa tangu mwezi wa kwanza. Jumamosi nusu. Jumatatu ilikuwa aibu. Mwezi wa tatu meneja wa safari alikodi behewa moja la mizigo la zamani na kuliunganisha nyuma, bila kumuuliza mtu, kwa sababu abiria wa stesheni moja ya katikati, mji wa soko la nafaka, walikuwa wakipigana na wakaguzi kuhusu magunia mlangoni. Ndani ya wiki chache stesheni ile ikawa ya pili kwa mauzo. Wanawake wa soko walisafiri Jumatatu. Siku tuliyotaka kuifuta ikawa inajitegemea.

Desemba tulikosea kabisa. Watu wa kwenda nyumbani mwisho wa mwaka walikuwa wengi kiasi kwamba tiketi zilikwisha siku tano kabla, na treni haikuwa na behewa la kuongeza. Mjumbe wetu mwenye mabasi alipata Desemba nzuri kuliko zote.

Mwezi wa 14 majaribio yalisimama. Abiria walikuwepo. Mwenye reli alihitaji vichwa vyake kwa mizigo ya madini, mkataba wa kukodi uliruhusu kuvichukua kwa taarifa ya siku 30, na akavichukua. Sehemu kubwa ya fedha za mfuko ilikuwa imerudi, yote haikurudi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote kilikuwa hesabu ya viti. Ilichukua jioni moja na haikuhitaji utaalamu. Siku hizi nikipewa makadirio ya abiria ya chombo chochote, hata boti, nauliza kwanza viti vingapi, mara ngapi kwa siku, na siku ngapi kwa mwaka kikiwa kwenye matengenezo. Makadirio yakipita hapo ndipo nasoma kurasa nyingine.

Swali la safari iliyo mkononi nalo lilistahili gharama yake. Lakini tulilitumia vibaya. Tulikusanya habari za magunia, ndoo na njia panda, kisha tukazitumia kuwaondoa watu kwenye hesabu. Yule mama wa dagaa kwangu alikuwa asilimia 45 ya kukata. Tuliichukua treni ya kwenye andiko, yenye viti tu bila nafasi ya mizigo, na vituo vichache, kama kitu kisichobadilika, na tukauliza nani anaifaa. Meneja wa safari aliuliza kinyume, kwa kulazimishwa na ugomvi wa mlangoni, na behewa moja la kukodi likampa abiria ambao jedwali letu halikuwa nao. Mjumbe mwenye mabasi alikuwa ametuambia jibu kabla, akiwa amekaa katikati ya maboksi. Tuliliandika kama udhaifu wa treni na tukageuza ukurasa.

Kuhusu Desemba sina utetezi. Tulihesabu siku nne katika msimu mmoja. Asilimia 75 ya kujaa ni wastani, na wastani unaficha mwezi ambao watu hulala stendi. Ungetufaa uchunguzi mdogo wa vitabu vya tiketi vya mawakala kwa mwaka mzima. Viliwezekana kupatikana, tuliona kazi kubwa.

Mgongano wa masilahi ulishughulikiwa vizuri kikaoni na vibaya nje. Kumbukumbu zilionyesha kila kitu, lakini mkutano mkuu ulisomewa hitimisho tu. Mwanachama aliyesikia kuwa mwenye mabasi alihojiwa, bila kusikia kuwa alitoka nje wakati wa kura, alikuwa na haki ya kushuku.

Na vichwa vya treni. Tulitumia wiki sita kuhesabu watu na saa mbili kusoma kifungu cha kukodi vichwa. Tulidai mkataba wa reli, tukaupata, tozo ikiwa kwa namba kama tulivyotaka, na kifungu cha siku 30 kilikuwa kwenye mkataba mwingine ambao hatukuuweka kwenye masharti. Mzee alikuwa amesema. Makadirio ya abiria yana mvuto wake, yana chati na asilimia, na kila mtu ana maoni juu yake. Nani ana funguo za kichwa cha treni ni swali kavu, na ndilo lililoufunga mradi.

Kampuni imeandika andiko jipya. Safari hii lina treni moja, mabehewa mawili ya mizigo, na vichwa vya kununua. Ukurasa wa abiria unaanza na stesheni ya soko la nafaka. Ndani yake kuna kiambatisho kuhusu mabasi madogo ya kuwatoa watu viungani hadi stesheni ya mjini alfajiri, na barua ya kwanza ya kuomba kazi hiyo imetoka kwa yule mjumbe mwenye mabasi. Ametangaza masilahi yake tena, na atatoka nje wakati wa kura.